Lita Nne na Nusu

Mwihoko, Ruiru
3 Februari 2025

Kwa Fundi Kisilu,

Habari za siku nyingi. Pengine hutanikumbuka. Mimi ni Maggie Wamboi, binti ya Kagwe wa Kamenu, yule mwenye Datsun nyeupe ya milango miwili uliyokuwa ukiitengeneza zamani pale gereji yako ya Thika. Habari zako nimepata kwa Mumo, anayeleta tikiti maji sokoni kutoka huko Ngoliba. Nilimwomba namba yako ya simu akacheka, akasema masikio yako yaliisha kwa kelele za injini, hata ukipigiwa husikii, na meseji huzisomi. Akasema nikiandika barua ataibeba mwenyewe. Ndiyo hii.

Baba alipata kiharusi mwezi wa kumi. Mkono na mguu wa kulia havimtii. Anaongea, lakini polepole, kama mtu anayetafuta maneno mfukoni. Mimi ni nesi hapa Ruiru, kwa hivyo nikitoka zamu napanda Kamenu, namwogesha, napika, nalala kidogo, narudi kazini. Mchana jirani yetu Auma ndiye hukaa naye. Nimechoka, Fundi, sitakuficha, lakini si hilo lililonifanya niandike.

Ni gari. Bado iko pale pale nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Haijawashwa tangu 2013. Baba hukaa barazani akiiangalia kutwa nzima, na sasa amesema anataka iwashwe. Si kuendeshwa. Kuwashwa tu. Nikaenda duka la oili hapa mjini, na muuzaji, anaitwa Austine, akanipa kopo la 5W-30, oili nyepesi kama maji, ati ndiyo kila mtu anataka siku hizi. Nikamwambia gari ni ya 1972. Akasema oili ni oili.

Hilo kopo sijalifungua. Niliona heri niulize kwanza mtu anayeijua hiyo injini. Naomba uniambie, tuweke oili gani?

Wako kwa heshima,
Maggie Wamboi


Ngoliba
11 Februari 2025

Wamboi,

Barua nimeipata. Pole kwa ugonjwa wa baba yako.

Nakukumbuka. Sijui kwa nini umeniuliza mimi. Thika ina mafundi wengi na wote wana masikio. Kazi hiyo niliiacha miaka ishirini na zaidi iliyopita, na baba yako anajua kwa nini. Sasa nina mbuzi na mapapai machache. Pampu ya jirani ikikwama naiangalia, basi.

Lakini umeuliza, na swali lina jibu. Kopo hilo rudisha dukani. Oili nyepesi namna hiyo ni ya injini za siku hizi, ambazo nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo sana. Injini ya zamani imelegea kama magoti yangu. Ukiiwekea nyepesi itavuja kwenye sili za mpira, nyingine itaungua, na injini ikipata moto presha itashuka. Tafuta 20W-50, ile ya kawaida, si sinthetiki.

Hayo yanatosha. Msalimie.

Kisilu


Mwihoko, Ruiru
16 Februari 2025

Fundi Kisilu,

Asante. Kopo nimerudisha. Austine alinuna kidogo lakini akakubali kunibadilishia. Shida ni kwamba 20W-50 anazo aina tatu: moja imeandikwa ya magari ya petroli, nyingine ya malori ya dizeli, na ya tatu ina picha ya pikipiki. Nilisimama pale kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Nilikuwa nimetoka zamu na miguu imevimba, nikatoka bila kununua kitu.

Kuna jambo lingine. Austine anasema injini iliyolala miaka kumi na miwili ina tope ndani. Ati kabla ya oili mpya tuimwagie mafuta ya taa, tuiwashe dakika tano, tuyatoe, ndipo tuweke oili. Anasema mafundi wote hufanya hivyo. Ni kweli?

Barua yako nilimsomea baba. Nilipofika pale uliposema anajua kwa nini uliacha kazi, aliangalia ukuta, akaniambia nimletee maji. Sikumwuliza zaidi. Salamu zako alizipokea kwa kutikisa kichwa.

Nakumbuka ile gereji, Fundi. Ulikuwa ukiniacha nifungue kifuniko cha oili, wengine wakisema mtoto wa kike atajipaka grisi. Ulikuwa ukisema, "Ajipake, sabuni iko."

Wako,
Maggie


Ngoliba
20 Februari 2025

Wamboi,

Usiweke mafuta ya taa. Nimeliandika hilo kwanza ili ulione hata kama hutasoma yaliyobaki. Leo ni Alhamisi na Mumo anapakia, kwa hivyo naandika mbio.

Nitakueleza kwa nini, maana nadhani hukuambiwa. Ulikuwa mdogo.

Agosti 2003 baba yako alikuwa na mashindano ya klabu siku ya Jumapili. Ijumaa aliniletea gari nilikague lote. Siku hizo sisi sote tulisafisha injini kwa mafuta ya taa, nami nilikuwa wa kwanza. Niliyaweka, nikaiwasha kidogo, nikayamwaga, nikaacha tundu la chini wazi usiku kucha lidondoke. Jumamosi asubuhi nikaweka oili mpya, nikampelekea gari Kamenu. Wiki hiyo nilikuwa nimefanya kazi siku sita mfululizo, na mtoto wetu Muoki alikuwa na malaria, sikuwa nalala. Asubuhi ya mashindano, ambapo ningefaa kuwa pale nikipima oili, nilikuwa kitandani, sijijui.

Walipopita Makuyu, kwenye mashamba ya mkonge, injini ilikwama ghafla gari likiwa kwa kasi. Magurudumu ya nyuma yakafunga. Likapinduka mara mbili. Baba yako alilala hospitali wiki tatu, mbavu nne zimevunjika.

Mimi ndiye niliyeifungua hiyo injini. Oili ilitoka nyepesi kama chai ya strungi, ikinuka mafuta ya taa. Beringi zilikuwa zimeyeyuka. Baba yako alipopata nafuu alikuja gereji akitembelea fimbo, akaniuliza mbele ya wateja, "Kisilu, yale mafuta ya taa uliyamwaga au uliyaacha humo?" Nilikumbuka nikiyamwaga. Lakini pua yangu ilikuwa imeniambia mengine. Nikasema, "Nimekosa." Akasema, "Basi usiguse tena gari la mtu."

Watu husema alinifukuza mjini. Hakunifukuza. Gereji niliifunga mwenyewe, na gari likamaliziwa na mafundi wengine. Fundi asiyeweza kuamini alichofanya jana kwa mikono yake atafanya nini na breki za gari la watoto wa shule? Haya hayajui mtu ila Mama Muoki.

Sasa oili. Chukua ile ya malori. Usishangae. Kamshafti ya injini hiyo husugua mikono ya vali chuma kwa chuma, na kinachokaa katikati yake ni zinki iliyo ndani ya oili. Oili mpya za petroli zimepunguzwa zinki. Ya malori kwa kawaida bado inayo. Mwambie Austine akusomee nyuma ya kopo. Ya pikipiki iache, hiyo imetengenezewa klachi. Zinaingia lita nne na nusu, na kichujio kipya.

Kabla ya hayo toa plagi zote sita, umwage kijiko cha oili kwa kila tundu, uache siku kadhaa. Pistoni zimelala muda mrefu.

Mumo anapiga honi. Mama Muoki ananionyesha kwa mkono.

Kisilu


Mwihoko, Ruiru
2 Machi 2025

Baba Muoki,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezichana.

Si wewe. Mafuta ya taa hukuyaacha wewe. Niliyaweka mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Jumamosi ile ulipoleta gari mlikunywa chai na baba, ukaondoka. Mchana baba alimwita kaka yangu Githae wakabandike namba za mashindano milangoni. Mimi nikaambiwa nikamsaidie Mami jikoni. Nilipoingia stoo nikaona kopo kubwa la oili, lenye picha ya gari la mashindano. Kufungua kifuniko nilikuwa najua. Nikasema moyoni nitaiongezea ili ikimbie, na kesho baba akishinda niwaambie ni mimi. Walipoenda kula, nikamwaga yote kwenye injini.

Haikuwa oili. Mami alikuwa akiweka mafuta ya taa ya jiko kwenye kopo hilo. Niliona ni nyepesi, Fundi. Nilisikia harufu. Nikajiambia labda oili mpya hunuka hivyo, nikafunika.

Jumapili jioni Mami alirudi kutoka hospitali kuchukua nguo za baba, akataka kuchemsha uji. Akauliza, "Nani amemaliza mafuta yangu ya taa?" Hakuna aliyejibu. Aliniangalia, halafu akaenda kuomba kwa jirani.

Baadaye nilimsikia baba akiwaambia wageni waliokuja kumwona kwamba ni wewe. Kila mgeni aliambiwa upya, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka chai. Nilingoja siku rahisi ya kusema, na kila siku ilikuwa ngumu kuliko ile ya jana. Halafu nikasikia umehama, nikajidanganya kwamba imeisha.

Sikukuandikia kwa ajili ya oili peke yake. Nilipokuwa nikipanga vitu vya baba nilipata daftari ya gari. Ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wako nimeukata, uko ndani ya bahasha hii. Soma mwenyewe: "Imemwagwa. Imedondoka usiku kucha. Oili mpya lita nne na nusu. Nimekagua mara mbili, haina harufu." Uliandika hivyo, na ilikuwa kweli ulipoandika. Nilidhani wewe ulijua hukukosea, ila ulionewa tu. Sikujua hata siku moja kwamba ulikuwa ukijihukumu. Niliposoma hiyo barua yako nilikuwa chumba cha manesi na wagonjwa wananingoja, nikashindwa kuinuka.

Sikuombi kitu. Plagi nimetoa na oili nimeweka kwenye matundu kama ulivyosema. Injini sijaizungusha.

Maggie


Ngoliba
17 Machi 2025

Kwa Wamboi, binti ya Kagwe,

Anayeandika ni Kalondu, Mama Muoki. Mume wangu hajaandika na sijui kama ataandika.

Barua yako aliisoma amesimama mlangoni. Akaisoma tena. Akaenda kwa mbuzi, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Aliporudi aliniwekea ule ukurasa mezani, akaniuliza, "Huu mwandiko ni wangu?" Nikamwonyesha kwa kichwa kwamba ni wake. Akasema, "Basi nilijua." Tangu hapo anakula na kulala, lakini kusema hasemi.

Mimi sina maneno matamu. Mtoto wa miaka kumi na miwili sina kesi naye. Nimelea, najua watoto. Lakini wewe ulifika miaka kumi na minane, ukafika ishirini na tano, ukasomea unesi, ukajifunza kuwaambia watu habari mbaya za wagonjwa wao. Ngoliba haikuhama. Hapo ndipo kesi yetu ilipo.

Unajua ulivyotuachia mtu? Akifunga koki ya tangi anarudi kuishika mara tatu. Tukienda kanisani, tumefika mbali, anarudi kuangalia kama mlango ameufunga. Mimi nilidhani ni uzee umekuja mapema. Muoki alitaka kujifunza ufundi kwake, akamkatalia. Akamwambia, "Nitakufunza kuua watu?" Muoki leo anauza viatu Machakos. Anauza vizuri, simlilii, lakini mikono yake ilikuwa ya spana.

Nakuomba moja tu. Mwambie baba yako. Usimwambie ukimpa dawa, wala ukiwa mlangoni unatoka. Mkalishe, umwambie.

Kalondu


Kamenu, Thika
25 Machi 2025

Mama Muoki, na Fundi kama atasoma,

Nimemwambia. Ilikuwa Jumapili, baada ya uji, tukiwa barazani. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake ili asiangalie gari, aniangalie mimi. Nikasema, "Baba, mafuta ya taa ya 2003 niliweka mimi."

Hakushtuka. Nikafikiri hajaelewa, nikarudia. Akasema, "Najua."

Nikamwuliza anajuaje. Akasema, "Mama yako. Akiwa hospitali." Mami alifariki 2015. Yaani miaka kumi baba amejua.

Nikamwuliza, "Na hukwenda kwa Kisilu?"

Alitafuta maneno muda mrefu. "Ningemwambia nini? Kwamba ni mtoto wangu?" Akaongeza, "Na kwamba nilimwaibisha bure."

"Hiyo ndiyo ungemwambia, Baba."

Akalia. Siku hizi hulia upesi, kiharusi hufanya hivyo, nimeona kwa wagonjwa wengi. Lakini ya Jumapili haikuwa ya kiharusi.

Nilimkasirikia sana. Nilienda nyuma ya nyumba nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Halafu nikaona nakasirika na nini, mimi niliyenyamaza miaka ishirini na mmoja? Tumekaa meza moja, tumemzika Mami pamoja, nimemwogesha kila siku tangu Oktoba, na kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake kitu kile kile. Sasa kila kitu kimetoka nje na sina nguvu hata ya kuona kama ni afadhali.

Nilifikiria nisiwaandikie hili. Nimeona siwezi tena kuficha kitu.

Baba anauliza kama anaweza kuletwa Ngoliba. Nimemwambia nitauliza.

Maggie


Ngoliba
3 Aprili 2025

Wamboi,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na maneno mengi na si mazuri. Nimengoja yapungue.

Lako limeniuma, lakini nalielewa. Uliogopa, na uoga ukikaa mwilini unazoeleka. Mimi mwenyewe niliogopa mikono yangu nikaona ndiyo maisha.

La baba yako silielewi. Tulianza pamoja, yeye akiwa msimamizi kiwandani na mimi nikilala ndani ya magari ya wateja. Alimsimamia Muoki alipobatizwa. Kutoka Kamenu mpaka hapa haifiki hata saa mbili. Angemtuma hata Mumo na tikiti. Aliona heri nife nikijua ni mimi. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Usimlete. Sitaki aje hapa akiwa mgonjwa, majirani wanaona, nilazimike kusema ni sawa wakati si sawa.

Nitakuja mimi, Jumamosi tarehe 12, kwa gari la kwanza. Sitakuja kwa ajili yake. Nakuja kwa ajili ya injini. Umeweka oili kwenye matundu, sasa inatakiwa kuzungushwa kwa mkono, na asiyejua akilazimisha atavunja. Spana zangu niligawa zote zikabaki tatu. Azima nyingine, na betri. Nunua oili ya kutosha, lakini usiimwage mpaka nifike.

Kisilu

Naongeza mimi, Mama Muoki. Akifika huko niandikie alivyokuwa, na kama alikula, kwa maana yeye hataniambia kitu. Kalondu.


Kamenu, Thika
13 Aprili 2025

Mama Muoki,

Alikula. Nilipika mukimo na nyama, akaongezwa mara moja, na cha pili akamaliza. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilotaka kujua.

Alifika saa mbili na nusu na ule mfuko wake. Akamsalimia Auma, akanisalimia mimi. Baba alikuwa barazani tangu asubuhi, amenyolewa, amevaa shati la kanisani na viatu vya ngozi, hataki sapatu. Alipomwona alijaribu kuinuka. Fundi akamwonyesha kwa mkono akae. Akapita moja kwa moja kwenye gari.

Chini ya boneti panya walikuwa wamejenga nyumba kwenye kichujio cha hewa. Fundi akakiangalia, akasema, "Hawa walikuwa na starehe," nikacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipumua tangu aingie. Halafu akaweka spana kubwa mbele ya injini, akavuta taratibu. Ikakataa. Hakulazimisha. Akangoja, akajaribu kurudi nyuma kidogo, akavuta tena, na mara ikaachilia, nikaona mkanda ukitembea. Alifumba macho.

Oili aliimwaga mwenyewe, lita nne na nusu, akipima. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakiingiza, akakisoma. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne alitaka kukichomoa tena, Mama Muoki. Nikamshika mkono, nikachukua kijiti, nikasoma mimi, nikamwonyesha dole gumba. Akafunga kifuniko akaenda kunawa.

Ilikataa mara mbili. Ya tatu ikakohoa, ikatoa moshi mweupe mpaka kwa kina Auma, halafu ikashika. Fundi hakuweza kuisikia. Aliweka viganja vyake viwili juu ya injini, akainamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka ikatulia. Nilipogeuka nikaona baba amekaa wima, mdomo wazi kama mtoto. Kwa kama dakika kumi hakuna aliyefanya kitu kingine. Fundi akaizima, akaangalia chini kama kuna mvujo. Matone mawili tu. Akasema breki zimekwisha kabisa, lisisogezwe, atakuja tarehe 26 kuzifungua.

Baada ya kula baba akaanza kuongea. Nilijua anataka kusema nini, nikachukua kalamu ili nimwandikie Fundi. Fundi akanizuia. "Wacha. Mwache aseme."

Aliongea karibu nusu saa. Maneno yalikuwa yakipotea, anayarudia, mengine hayakurudi. Mimi niliyasikia yote na sitayaandika hapa, hayakuwa yangu. Fundi hakuondoa macho kwenye mdomo wake mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sijasikia, Kagwe. Lakini nimeona umesema." Akaongeza, "Na bado nimekasirika."

Baba akasema, "Haya." Hilo nadhani Fundi alilisoma vizuri mdomoni.

Fundi alipotaka kwenda, baba alisisitiza kumsindikiza. Tulitembea polepole, baba na fimbo yake, mimi nyuma. Karibu na geti kamba ya kiatu chake cha kulia ikafunguka, ikawa inaburuta. Mimi sikuwa nimeiona. Fundi ndiye aliyeiona. Akaweka mfuko chini, akapiga goti pale kwenye vumbi bila kumwangalia usoni, akaivuta ile kamba, akaifunga mara mbili. Baba alikuwa karibu kuanguka, akaweka mkono wake mzima juu ya bega la Fundi, na Fundi akakaa vile vile, hata baada ya kamba kufungwa, mpaka baba akapata miguu yake.

Binti yenu, mkikubali,
Maggie Wamboi